Sakafu ya mbao za vinaili kwa nyumba ya Tanga: maswali ambayo wateja hutuuliza

Majibu haya yametoka upande wa mafundi, si upande wa duka. Muuzaji atakuonyesha rangi kwanza. Sisi tunaanza kwa kupiga magoti na kugusa jamvi, yaani sakafu ya zege, kwa sababu nyumba ya zamani ya Ngamiani, nyumba ya Raskazone inayopigwa na upepo wa bahari na nyumba mpya ya Kange zina mambo tofauti kabisa chini ya sakafu. Alichoweka jirani yako kikakaa vizuri, kwako kinaweza kukutia hasara.

Hivi hizi ni mbao au ni plastiki?

Ni plastiki. Picha ya mbao imechapwa kwenye utando mwembamba, juu yake kuna ngozi angavu inayobeba msuguano wa miguu, na chini kuna kiini. Kiini ndicho kinachotenganisha aina. Zipo mbao laini zinazokunjika mkononi, unene wa milimita 2 hadi 3, ambazo hubandikwa kwa gundi moja kwa moja kwenye sakafu. Na zipo ngumu, milimita 4 hadi 6 na zaidi, zenye ulimi na mfereji pembeni, ambazo hubanwa ubao kwa ubao bila gundi. Wauzaji wanaziita za kliki, na kwenye boksi utakuta herufi SPC.

Kiini cha SPC ni mchanganyiko wa PVC, ndiyo plastiki ya vinaili yenyewe, na unga wa mawe ya chokaa, na unga ndio mwingi. Mtu wa Tanga hana haja ya kuelezwa mawe ya chokaa ni nini. Mapango ya Amboni yamo ndani ya mwamba wa aina hiyo, na ndiyo malighafi ya kiwanda cha saruji pale Pongwe. Ndiyo maana boksi likikushinda kunyanyua usishangae. Mita moja ya mraba ya SPC ya milimita 5 hukaribia kilo 9 au 10.

Kapeti la plastiki la kuviringisha si hilo hilo, tena rahisi zaidi?

Ukoo mmoja, maisha tofauti. Kapeti la roli linafaa chumba cha kupangisha au mahali unapojua utabadilisha baada ya muda mfupi. Linachanika ukiburuta kitanda, kingo zinajikunja, na palipochanika huwezi kutoa kipande kimoja ukaweka kingine. Kwa nyumba unayokarabati ili ukae, hatulipendekezi.

Fundi, kwa nini nisiweke marumaru tu kama watu wote?

Mara nyingine tunamwambia mteja aweke marumaru na tunaondoka. Baraza lililo wazi kwa jua na mvua, bafu, ua wa nyuma: marumaru. Jambo jingine ambalo duka halikwambii ni kwamba wakati wa kaskazi, Januari na Februari, nusu ya familia hulala chini mchana kutafuta ubaridi. Vinaili haitoi ubaridi wa marumaru wala wa saruji. Haichomi mguu, lakini mgongo hauwezi kupoa juu yake. Kama nyumba yenu ni ya kulala chini, fikirini upya, au angalau acheni ukumbi ulivyo muweke vinaili vyumbani.

Vinaili inashinda kwenye ukarabati. Huvunji kitu, hubebi vifusi, chumba cha kulala cha kawaida huisha kwa siku moja kama chini pako sawa, na usiku ule ule unarudisha kitanda. Ni laini kwa magoti ya mtu mzima anayeswali au kukaa chini, na haina kelele za kiti kuburutwa.

Na laminati? Nimeona inafanana kabisa na bei yake ni nzuri.

Inafanana kwenye picha. Kiini cha laminati ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, na hapa mwambao maadui wake wawili wako tele: maji na mchwa. Kingo zikinywa maji huvimba na hazirudi. Vinaili haivimbi na mchwa hawaili. Lakini usifanye mzaha na mchwa kwa sababu hiyo, maana watapita kwenye ufa wa jamvi, watembee chini ya vinaili bila wewe kuwaona, waibukie kwenye fremu ya mlango na skatingi ya mbao, ule ubao mwembamba unaozunguka chini ya ukuta. Kama nyumba ina historia ya mchwa, piga dawa kabla ya ubao wa kwanza kulala.

Ninunue unene gani?

Hapa ndipo watu wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Boksi linaandika milimita 6 kwa herufi kubwa, mteja anafurahi. Unene wote wa ubao unahusu uimara wa kiungo na namna unavyohisi ukikanyaga. Siku za kuishi za sakafu zinaamuliwa na ile ngozi angavu ya juu, na kipimo chake huandikwa kwa maandishi madogo: 0.2, 0.3, 0.5 au 0.7 ya milimita. Ubao wa milimita 4 wenye ngozi ya 0.5 utaishi kuliko ubao wa milimita 6 wenye ngozi ya 0.2.

Chumba cha kulala cha watu wanaovua viatu mlangoni kinatosheka na 0.3. Sebule, ukumbi na jikoni usishuke chini ya 0.5, hasa kama kuna watoto wanaorudi kutoka ufukweni. Mchanga ndio unaokwangua ngozi hiyo. Maji na sabuni havina ubaya kama punje za mchanga zinazosagwa chini ya ndala kila siku. Duka, ofisi, au darasa la madrasa: 0.55 hadi 0.7.

Kama maandishi yote ni ya Kichina, tafuta alama yenye picha ndogo na namba mbili. Namba 21 hadi 23 ni matumizi ya nyumbani, 31 hadi 34 ni ya biashara, na kadiri namba ya pili inavyopanda ndivyo matumizi yanavyokuwa mazito. Boksi lililoandikwa 23/32 ni chaguo zuri kwa familia. Boksi lisilo na unene wa ngozi wala namba hizo, liache dukani hata kama rangi imekukaa moyoni.

Imeandikwa haipitishi maji. Basi unyevu wa jamvi langu hauna neno?

Una neno kubwa. Ubao wenyewe hauharibiwi na maji, ni kweli. Lakini maandishi hayo yanasema habari ya maji yanayomwagika juu. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hukuta paa la plastiki, hauna pa kutokea, na hapo gundi inageuka uji, ukungu unaota, harufu inaanza, na chumvi ya jamvi inajikusanya chini kama unga mweupe. Ile chumvi inayobambua lipu za nyumba zetu za pwani, futi moja au mbili kutoka chini, ndiyo hiyo hiyo.

Kipimo chake ni rahisi na hakina gharama. Kata nailoni nzito inayoonyesha, kama sentimita 45 kwa 45, ilaze kwenye jamvi tupu lililofagiliwa, funga pande zote nne kwa utepe wa gundi unaoshika vizuri. Iache angalau saa 16. Sisi huacha usiku na mchana. Ukikuta matone chini ya nailoni, au saruji imebadilika kuwa nyeusi pale tu, jamvi linatoa unyevu. Fanya sehemu tatu: katikati ya chumba, pembeni ya ukuta wa nje, na karibu na ukuta wa bafu. Jua lisipige sehemu hiyo, litakudanganya. Na msimu pia hudanganya. Jamvi lililopimwa Februari likaonekana kavu linaweza kutoa jasho Mei, masika ikiwa imelowesha ardhi. Ukiweza, pima wakati wa mvua.

Majibu yakiwa mabaya una njia tatu. Kwa mbao za kliki, laza nailoni ya ujenzi, ile nzito ya kuwekwa chini ya jamvi, ipishane sentimita 20 kwenye viungo na ipande kidogo ukutani nyuma ya skatingi. Kwa mbao za gundi nailoni haisaidii, maana gundi inahitaji kushika saruji; hapo ni kupaka rangi ya epoksi ya kuzuia unyevu, na ipakwe na mtu anayeijua. Njia ya tatu ni kuacha vinaili kwenye chumba hicho. Nyumba za zamani zenye kuta za mawe na chokaa tunaziendea kwa uangalifu zaidi: ukiziba sakafu yote, unyevu uliokuwa unapumua katikati ya chumba unaweza kuhamia kwenye kuta, na utaanza ugomvi mpya na lipu.

Jamvi jipya nalo lina subira yake. Siku 28 ni za saruji kupata nguvu, si za kukauka. Kanuni ya mafundi ni mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, hivyo jamvi la inchi 4 lataka miezi kama minne, na kwa hewa yetu yenye unyevu pengine zaidi. Tunajua unataka kuhamia kabla ya Idi. Pima kwanza.

Sakafu yetu ni ile nyekundu ya zamani, inang'aa kama kioo. Naweza kubandika juu yake?

Mng'ao huo ni nta ya miaka, na gundi haishiki nta. Ukibandika leo, mbao zitaanza kunyanyuka kona moja baada ya nyingine. Ama uikwangue na kuisugua mpaka saruji ionekane mbichi, ama uweke mbao za kliki ambazo hazihitaji kushika chini. Kwa kweli ukiwa na sakafu nyekundu isiyo na nyufa, na mtu wa kuipaka nta kila Ijumaa, sisi hatuoni sababu ya kuifunika. Ni nzuri kuliko nusu ya tunazoweka.

Tahadhari moja: ukifunua zulia ukakuta vigae vidogo vigumu, inchi 9 kwa 9, vimebandikwa kwa gundi nyeusi ya lami, usivikwangue wala kuvipiga msasa. Vigae vya namna hiyo vya zamani mara nyingi vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Kama vimeshika vizuri, viache vilivyo na uvifunike.

Inawekwa juu ya marumaru bila kuyavunja?

Ndiyo, na ndiyo kazi tunayoipata zaidi. Gonga kila marumaru kwa mpini wa nyundo. Inayotoa sauti tupu haijashika, itolewe na pazibwe. Mistari ya katikati ikiwa mipana au imezama, jaza kwa grauti au saruji ya kujisawazisha, la sivyo baada ya muda utaiona mistari ikijichora juu ya mbao za gundi, au viungo vya kliki vikivunjika kwa kubonyea.

Usawa wenyewe unapimwa kwa rula ya alumini ya mita 2. Ukiilaza popote chumbani, uwazi chini yake usizidi milimita 3. Pimamaji peke yake haitoshi. Sakafu inaweza kuinama kuelekea mlangoni bila tatizo, kisichotakiwa ni mabonde na vilima.

Halafu milango. Milimita 5 za ubao na pengine moja na nusu ya sponji zinatosha kuukwamisha mlango. Mlango wa mbao fundi seremala ataupiga randa dakika chache. Geti la chuma la mlangoni linataka grenda na fundi wa kuchomea, na watu hulikumbuka wakati sakafu mpya imeshalala na cheche zinaruka juu yake. Likatwe kwanza.

Niongeze sponji chini ili iwe laini?

Geuza ubao uangalie mgongo. Kama una sponji iliyobandikwa kiwandani, usiongeze nyingine. Ulaini ukizidi, ubao unabonyea kila ukikanyagwa na kiungo kinakatika.

Sebule yangu ina dirisha kubwa la kioo, jua la asubuhi linaingia lote. Kuna shida?

Ipo. Plastiki hutanuka kwa joto, na chini ya kioo sakafu hupata joto kuliko hewa ya chumba, hasa ikiwa rangi nyeusi au kahawia iliyoiva. Watengenezaji wengi wanataka sakafu isipite nyuzi joto 27 au 28 kwa muda mrefu, kiwango ambacho chumba cha Tanga chenye jua hukivuka bila kutoa jasho. Matokeo ni mbao za kliki kunyanyuka katikati, au viungo kuachia usiku zinapopoa.

Ushauri wetu: pazia zito, rangi ya mchanga au kijivu hafifu, na kwenye chumba cha namna hiyo tumia mbao za gundi badala ya kliki, maana gundi inazishikilia zisitambae. Ukishikilia kliki, chagua SPC, haitanuki sana kama zile laini, na uache nafasi ya kupumulia ya milimita 8 hadi 10 kila ukuta, kila nguzo, kila fremu. Skatingi itaifunika, na ipigiliwe ukutani, kamwe isipigiliwe sakafuni. Kwa sababu hiyo hiyo, kabati za jikoni zilizofungwa ukutani zisikae juu ya sakafu ya kliki. Fungia kabati kwanza, sakafu ije iishie miguuni pake.

Nahitaji boksi ngapi?

Chumba cha mita 4.2 kwa 3.6 ni mita za mraba 15.12. Ongeza asilimia 10 ya vipande vinavyopotea kwenye kukata, inakuwa 16.63. Boksi likiwa na mita 2.2 gawanya: 7.56, yaani boksi 8. Ukitaka mtindo wa kusuka kama mkeka, ongeza asilimia 15. Duka likikupa bei ya boksi, igawe kwa mita zilizomo kabla ya kulinganisha na duka jingine, kwa kuwa boksi hazilingani.

Nikinunua Dar es Salaam nizisafirishe kwa basi?

Wengi hufanya hivyo, na ni kama kilomita 350 za kutikiswa. Boksi likisimama wima kwenye buti la basi na gunia la mchele likaliegemea, kona za ulimi zinapasuka. Ubao wenye kona iliyopasuka haubani tena. Lori ni afadhali, boksi zikilala bapa juu ya kitu kilichonyooka. Kabla ya kulipa angalia namba ya toleo kwenye kila boksi ifanane, kwani rangi ile ile ya matoleo mawili hutofautiana, na utaiona tofauti mchana kweupe ukiwa umeshamaliza. Zikifika, zilaze ndani ya chumba chenyewe saa 48 ndipo zifunguliwe.

Na harufu? Mke wangu ni mjamzito, nasikia plastiki hizi zina sumu.

Ni swali la maana. Vinaili laini hulainishwa kwa kemikali zinazoitwa fthaleti, na baadhi zinashukiwa kuvuruga homoni. Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2020, hauruhusu nne kati ya hizo kuzidi asilimia 0.1 ya uzito kwenye bidhaa nyingi za matumizi. Uliza bidhaa isiyo na fthaleti, na uone imeandikwa. SPC ni ngumu, kwa hiyo huhitaji vilainishi kidogo. Harufu kali zaidi mara nyingi ni ya gundi, si ya ubao. Mama asilale chumba hicho siku za mwanzo, madirisha yawe wazi, na boksi lililonuka sana ulipolifungua dukani lirudishwe pale pale.

Tunafukiza udi kila jioni, na mwezi ujao kuna harusi. Sakafu itavumilia?

Kaa la chetezo likianguka linatoboa au linaacha duara jeusi, na halifutiki. Weka chetezo juu ya sinia au kigae. Jiko la mkaa lisikae juu ya vinaili hata kwa dakika moja.

Hina na piko ni hadithi nyingine. Doa la hina likikaa usiku mzima linaingia ndani ya ngozi, na tumeombwa mara nyingi kulitoa bila mafanikio. Siku ya kumpaka bibi harusi tandika mikeka miwili na nailoni katikati. Doa likidondoka lifutwe wakati huo huo kwa kitambaa chenye sabuni, kabla hata halijakauka.

Kuna doa jingine linalowashangaza watu: mazulia na vikanyagio vyenye mgongo wa mpira. Mpira unatoa kemikali inayogeuza vinaili kuwa njano, na umanjano huo haukwanguliki kwa kuwa uko ndani. Tumia mkeka wa ukindu, au zulia la mkonge, ambalo mji huu hauna sababu ya kulikosa. Kikanyagio cha mkonge nje ya mlango kinapunguza mchanga kuliko dawa yoyote ya kusafishia.

Tunadekije?

Fagia kwanza, kisha dekio lililokamuliwa na sabuni kidogo. Usimwage ndoo ukafukuzia maji kwa fagio kama kwenye saruji. Maji yatapita kwenye kingo yakalala chini. Usipake nta, wala mafuta ya taa.

Bafuni je?

Hapana. Bafu zetu ni za kuoga kwa kopo, sakafu imeinama kuelekea kwenye tundu na maji yanatapakaa kila siku. Marumaru isiyoteleza.

Fundi wangu wa marumaru anasema anaweza kuziweka.

Huenda anaweza, mkono wake wa kusawazisha ni mzuri. Muulize maswali mawili: ataacha nafasi gani ukutani, na ncha za mbao atazipishanisha kwa kiasi gani. Akijibu kwamba atabana mpaka ukutani ili pasionekane mwanya, shukuru umtafutie kazi nyingine. Kupishana kuwe sentimita 20 hadi 30, na mstari wa mwisho usiwe na ubao mwembamba kama kidole. Hilo hupimwa kabla ya kuanza, kwa futi na penseli.

Ubao mmoja ukiharibika, natoa sakafu yote?

Wa gundi hutolewa peke yake: unapashwa joto, unakatwa, gundi ya zamani inakwanguliwa, mwingine unabandikwa. Wa kliki ukiwa karibu na ukuta, mbao zinafunguliwa kurudi nyuma mpaka ufike. Ukiwa katikati ya chumba, fundi mzoefu huukata, huondoa ulimi wa ubao mpya na kuugandisha kwa gundi. Kwa vyovyote utahitaji ubao wa toleo lile lile, kwa hiyo nunua boksi moja la ziada siku ile ile na ulihifadhi likiwa limelala. Chini ya kitanda ni sawa. Darini chini ya bati zitakunjika zote.